Nyoka Hana Kabila

Kwa miaka yote niliyomjua Mwalimu, sikuwahi kusikia mtu akimwita kwa jina lake. Alikuwa Mwalimu kwa wanafunzi, Mwalimu kwa mwenye nyumba, Mwalimu kwa askari wa kaunti waliopanda ngazi kuulizia leseni ya biashara. Alifundisha kompyuta katika chumba kimoja ghorofani mjini Nakuru, juu ya duka la pembejeo za kilimo, na harufu ya dawa ya kupe ilipanda nasi kila asubuhi ikakaa darasani kama mwanafunzi aliyelipa karo. Mlangoni paliandikwa CHUO, basi. Siku ya kwanza nilimuuliza chuo chenyewe kinaitwaje.

"Umeona kingine hapa juu?" aliniuliza.

Nilikuwa nimehitimu chuo kikuu mwaka uliotangulia. Nilikuwa na shahada ya sayansi ya kompyuta na hofu kubwa ya kugusa kompyuta mtu akiniangalia. Mama alisema heri nikajitolee mahali penye mashine kuliko kukaa nyumbani Lanet nikisubiri simu ambayo, kwa maoni yake, ilikuwa imezimwa kule inakotoka. Nilimwambia Mwalimu nimekuja kusaidia. Nikaanza kujitambulisha.

"Wewe ni Nne," alisema kabla sijafika mbali.

"Naitwa—"

"Mashine ya nne, hapo dirishani. Jina lako baki nalo, utalihitaji kwa kitambulisho."

Jambo hilo nililifikiria wiki nzima. Je, alinidharau? Je, alihisi kuwa jina langu la ukoo halitampendeza? Je, Tatu, yule wa mashine ya tatu, alikuwa bora kuliko mimi kwa kuwa karibu na mlango? Baadaye niligundua kuwa aliwaita wote hivyo, hata binti mmoja aliyesoma pale miaka miwili na kuolewa. Kadi ya mwaliko wa harusi ililetwa, Mwalimu akaisoma, akauliza, "Huyu ndiye nani?" Tukamwambia ni Sita. Akafurahi kweli, akaenda.

Wanaomkumbuka watakwambia kuwa alikuwa mtu wa kusahau majina. Si kweli. Hakuna mtu Nakuru nzima aliyeyafikiria majina kumliko. Mashine ya kuchapisha aliiita Mheshimiwa, kwa sababu ilikula karatasi nyingi, ikapiga kelele nyingi, na ukienda kuangalia kilichotoka hukuti kitu. Betri ya kutusaidia stima ikipotea iliitwa Kesho. Kile kisanduku cha mtandao kilikuwa Yona, kwa kuwa kilipenda kupotea siku tatu na kurudi bila aibu. Majina hayo aliyatoa papo hapo, akiwa amesimama na kikombe cha chai, bila kukuna kichwa. Kitu kimoja tu kilimshinda, na kitu hicho ndicho kilichokuwa maisha yake.

Lakini kwanza niseme alivyofundisha. Mwanafunzi aliyekuja kujifunza kuandika programu alikaa wiki mbili bila kugusa kibodi. Mwalimu alisimama mbele akamweleza jinsi lugha za kompyuta zinavyopata majina. Alianza na C, lugha ambayo karibu zote za leo ni wajukuu wake. Ilipewa herufi hiyo kwa sababu iliyoitangulia iliitwa B. "Hapo umeona watu wa kazi," alisema. "Wamemaliza B, wakasema sasa C, wakarudi kazini. Hawakuita kamati." Kisha Java. Hao walikuwa wameita lugha yao jina la mti uliokuwa nje ya dirisha la ofisi, wakaambiwa kuna kampuni ina jina hilo tayari, wakakaa kikao, wakatoka na jina la kahawa. Hapa Mwalimu alikuwa akigonga meza. "Kahawa! Sisi tunalima kahawa Solai na Subukia, tunaiuza yote, tunakunywa chai. Halafu tunalipa karo kujifunza lugha yenye jina la kahawa ambayo hatujawahi kuonja. Na ule mti wa dirishani, wangekuwa hapa, wangeita lugha yao nini? Mnaona nini nje ya dirisha?"

Tulitazama nje. Palikuwa na bango la kanisa na tangi la maji.

Python ilimkera zaidi. Watu hudhani ilipewa jina la chatu. Mwenye kuiunda alikuwa shabiki wa wachekeshaji fulani wa Kiingereza, akachukua jina lao. "Mzaha wa mtu," Mwalimu alisema, "na nyinyi mmechora nyoka kwenye madaftari." Ila iliyomkasirisha kabisa ni Rust. Aliyeiunda alisema alikuwa akifikiria kuvu, yaani kutu inayoshambulia mimea, kwa jinsi ilivyo ngumu kuua. Mwalimu alikulia Njoro, kwenye ngano. Baba yake alikuwa amesimama shambani na kuona ekari nzima ikigeuka rangi ya matofali. "Mtu aite mtoto wake Kutu," alisema taratibu, kama anayehubiri mazishini. "Huyo ni mtu ambaye hajawahi kula ngano ya msaada."

Kuna lugha, aliendelea, zilizopewa majina ya wafu: mwanamke mmoja Mwingereza wa hesabu, Mfaransa mmoja wa hesabu pia. Mwanafunzi mmoja aliuliza kwa nini basi na sisi tusifanye hivyo.

"Hao wana mfu wanayekubaliana naye," alisema Mwalimu. "Taja mfu mmoja wa Kenya ambaye darasa hili lote litakubaliana naye."

Mtu mmoja alifungua mdomo, akatazama jirani yake, akaufunga.

Kitu kilichomshinda kukipa jina kilikuwa lugha yake mwenyewe. Ilikuwa lugha halisi ya kompyuta, nasema hivi nikiwa nimeikagua ndani na nje. Amri zake zilikuwa za Kiswahili: andika, soma, kama, la sivyo, rudia. Mtoto wa darasa la sita aliweza kukaa mbele yake na kuandika programu ya kuhesabu mbuzi kabla ya kengele ya chai. Mwalimu alikuwa ameianza zamani, na mimi Nne nilipokuja, nikaandika sehemu kubwa iliyokuwa imebaki. Kwa muda tuliiita Kitoto. Jina la muda, alisisitiza, kama vile mtoto wa wiki moja anavyoitwa "huyu." Mwezi wa tatu nilimwambia iko tayari, tuitoe watu waitumie. Alinitazama kama niliyependekeza tumtoe mtoto nje uchi.

"Bila jina?"

"Jina tunaweza kubadilisha baadaye."

"Programu ndiyo hubadilishwa, Nne. Ukikosea mstari, unaurekebisha. Ukikosea jina, utazikwa nalo."

Nikaamini. Mimi ni mtu ambaye huandika "Habari yako" katika ujumbe, akafuta, akaandika "Habari zako," akakaa nusu saa akijiuliza kama zako zinaonyesha kujipendekeza. Nilikuwa nimempata bwana wangu.

Majina yalikuja, yakaenda. Simba lilikataliwa kwa kuwa kila kiwanda cha misumari nchini kinaitwa Simba. Flamingo alilipenda kwa siku mbili, mpaka akakumbuka kuwa ndege hao maji ya ziwa letu yalipobadilika walihamia kwingine bila kuaga. "Siwezi kuita lugha jina la mtalii." Menengai lilikuwa zuri, ila watu hupanda mlima ule kwenda kufunga na kuomba mapangoni, na Mwalimu hakutaka programu zake ziendeshwe kwa maombi, ingawa nyingi za wanafunzi wake ziliendeshwa hivyo. Kila jina lililokuwa na sauti tamu lilikuwa na mwenyewe. Neno la Njoro lilikuwa la watu fulani. Neno la Keringet, kwao mama yake, lilikuwa la watu wengine. Neno la Pwani lilikuwa safi, lakini hapo tulikuwa na Mama Swaleh.

Mama Swaleh alikuwa na duka la vifaa vya ofisi chini yetu, kando ya pembejeo. Babu yake alitoka Lamu akaja Nakuru na reli, na familia ikabaki Bondeni tangu wakati huo. Alikuwa mtu pekee aliyeweza kumcheka Mwalimu usoni, na alifanya hivyo kila siku ya kazi.

"Mwalimu, mwanao ameshapata jina?"

"Bado, Mama Swaleh."

"Kwetu siku ya saba mtoto ana jina, ameshanyolewa, na mbuzi ameliwa. Wako ataota ndevu. Utamwita chakulani vipi? Utapiga mluzi?"

"Nipe basi jina la kwenu."

"Nikupe jina letu ulichakachue na hiyo takataka yako ya stima? Toka dukani kwangu."

Lakini alimpenda. Yeye ndiye aliyepokea karo za wanafunzi. Jambo hilo lilinishangaza mwanzoni: kwa nini wanafunzi walipe chuo kupitia simu ya muuza kalamu? Nikajiuliza kama ni wizi, kama nitaitwa shahidi, kama nivae koti mahakamani. Jibu lilikuwa rahisi. Ukimtumia mtu pesa kwa simu, majina yake yote hujitokeza kabla hujabonyeza kukubali. Mwalimu hakutaka yajitokeze.

Kwao mama yake, alituambia siku moja kwa kicheko, mtoto hapewi jina kwa kikao. Wanawake wazee huingia na mtoto nyumbani, wakamwekea ugoro kidogo puani, wakaanza kutaja majina ya watu wa ukoo waliokufa, mmoja baada ya mwingine. Jina ambalo mtoto atapiga chafya likitajwa, ndilo lake. Huyo marehemu amerudi. "Mchungaji anajua?" Tatu aliuliza. "Mchungaji ana majina mawili," alisema Mwalimu. "La pili unafikiri alilipata wapi?" Tukacheka naye. Alisema ni ushamba mtupu. Binadamu mwenye akili, alisema, huchagua jina kwa hoja.

Baada ya juma moja nilirudi darasani saa ya chakula kuchukua mwavuli. Mwalimu alikuwa peke yake, ameinama, sikio lake limegusa mashine ambamo Kitoto ilikaa. Kidole chake kilikuwa juu ya kibodi. Alinong'ona neno, akabonyeza, akasikiliza. Akanong'ona jingine, akabonyeza, akasikiliza.

"Mwalimu?"

Alijiinua polepole. "Nasikiliza feni," alisema. "Ina vumbi."

Nilishuka ngazi bila mwavuli nikanyeshewa.

Kisha ikaja nafasi ya Karagita. Kule karibu na Ziwa Naivasha, wanakoishi wafanyakazi wa mashamba ya maua, palikuwa na kituo cha kuwafundisha watoto wao baada ya shule. Mkuu wa kituo, tuliyemwita Madam, alisikia habari za lugha ya Kiswahili ya kompyuta, akatualika kuionyesha. Akiipenda, angeitumia mwaka mzima, na angehitaji mwalimu wa kuifundisha. Mwalimu huyo angekuwa mimi, kwa mshahara. Nililala vibaya siku zote zilizotangulia, si kwa kuogopa kukosa kazi, bali kwa kuogopa kuipata na kusimama mbele ya watoto.

Watoto waliipenda. Walijaa chumba cha mabati wakiwa na sare za shule tofauti. Mwalimu akawaonyesha amri moja, na dakika chache baadaye kijana mmoja alikuwa ameifanya mashine iandike jina la dada yake mara mia pamoja na neno "mchoyo." Dada akalia, darasa likashangilia. Madam alikuwa anatabasamu. Niliona mshahara wangu ukija kwa mguu.

Ndipo msichana wa mbele akainua mkono. "Mwalimu, hii kitu inaitwaje?"

Mtu yeyote mwingine angesema chochote. Angesema Kitoto. Angesema Jumanne. Mwalimu alivuta pumzi, akafanya kosa ambalo mtu wa Nakuru hapaswi kufanya hadharani. "Nyinyi mngependa iitweje?" aliuliza.

Karagita watu hutoka kila pembe ya nchi, kwa sababu maua hayaulizi unatoka wapi. Kila mtoto alitoa jina la kwao. Mmoja alisema jina la shujaa wa kwao, mwenzake akasema huyo hakuwa shujaa, alikuwa mwizi wa ng'ombe. Mwingine akasema lugha iitwe jina la mto wa kwao, akaambiwa mto wenu umekauka. Kikundi kikaanza kuimba. Kikundi cha pili kikaimba kwa sauti zaidi. Kitabu kiliruka. Mlinzi wa lango alikuja mbio na rungu, akasimama mlangoni, akamtazama Mwalimu kuanzia viatu.

"Mzee, ulikuja kufundisha kompyuta ama ulikuja kampeni?"

Madam alituita ofisini. Hakuwa na hasira, alikuwa na ratiba. "Mwalimu, mimi nataka kitu kimoja tu. Jina. Siwezi kuandika kwenye cheti kwamba mtoto amehitimu kitu."

"Nipe wiki mbili."

"Muhula unafunguliwa Jumatatu."

"Jina haliharakishwi, Madam."

"Basi nitachukua ile ya nyoka," alisema, na akaichukua.

Tulirudi Nakuru kwa matatu. Tulipita Gilgil, nikaanza kuandaa maneno makali kichwani, nikayapanga vizuri, nikayapunguza ukali, nikayapanga upya. Tulipofika Mbaruk lilikuwa limebaki neno moja.

"Kwa nini?" nilisema.

Mwalimu aliendelea kutazama nje. "Umeona lakini? Hakuna hata mtoto mmoja atakayerusha kitabu kwa sababu ya nyoka. Nyoka hana kabila. Wala kahawa, wala kutu. Wazungu wanaweza kutuletea lugha inayoitwa jongoo, tukaipokea kwa mikono miwili. Jongoo wao. Ikiwa jongoo wetu, tutauliza kwanza ametoka shamba la nani."

Kisha, bila kubadilisha sauti, alinieleza kitu ambacho hakuwahi kueleza darasani. Baba yake alikuwa wa upande mmoja na mama yake wa upande mwingine. Sitasema ni pande zipi. Kama wewe ni wa Nakuru umeshakisia, na kama si wa Nakuru huna haja. Mwaka ule wa uchaguzi, watu walipokuwa wakisimamishana barabarani na kuulizana majina, alitoka Njoro kwenda Keringet kumwangalia mama yake. Kizuizi cha kwanza alipita kwa jina la baba. Cha pili alificha kitambulisho ndani ya soksi, akapita kwa lugha ya mama. Vilikuwa umbali wa kutembea kutoka kimoja hadi kingine, na vijana waliovisimamia walikuwa wamesoma shule moja.

"Tangu hapo ni Mwalimu," alisema. "Mwalimu hana kabila mpaka agome."

Nilitaka kuendelea kumkasirikia. Nilikuwa na haki hiyo, nilikuwa nimepoteza kazi. Nikajaribu mpaka tukafika Free Area.

Mwaka uliofuata mwenye nyumba alikipangisha chumba chetu kwa kanisa. Kanisa lilipata jina siku ileile lilipoingia, jina refu lenye maneno saba, mawili kati ya hayo yakiwa "Kimataifa," na hakuna mtu aliyeita kikao. Mama Swaleh alimnunua Mheshimiwa kwa huruma na hadi leo anakula karatasi zake. Mwalimu alirudi Keringet, kwenye kipande cha ardhi cha mama yake, akawa anafundisha hesabu shule ya upili ya karibu. Mimi nilipata kazi ya kukaa nyumbani na kuziambia kompyuta za watu wa mbali kama picha ni ya mbwa au ya keki. Nilikuwa nikisita sana. Waliniandikia mara mbili wakiniuliza kama niko sawa.

Kitoto ilikuwa kwenye kompyuta yangu ya mkononi. Sikuifuta.

Majuzi Madam wa Karagita alinipigia simu. Watoto wameshindwa na nyoka, alisema. Si programu iliyowashinda, ni Kiingereza. Wanakariri maneno kama wimbo wa kigeni bila kujua wanaimba nini. Na bado wanaiulizia "ile ya andika." Nafasi ya mwalimu ingali wazi. "Mwambie mzee wako sihitaji jina zuri. Niletee jina lolote kufikia Jumatatu. Hata la ng'ombe wake."

Siku iliyofuata nikaenda Keringet. Niliomba bodaboda aendeshe polepole kwa sababu ya kompyuta, akasema, "Boss, hii barabara haijui polepole," na vumbi likatuingia mpaka kwenye meno. Mwalimu nilimkuta ameketi kwenye benchi nje ya nyumba ya mabati ya binti yake, amevaa koti la sherehe na kofia, mikono juu ya magoti. Wanaume wengine walikuwa mbali, chini kwenye zizi. Yeye alikuwa ameketi karibu kabisa na ukuta.

"Nne," alisema, kama tuliyeonana jana. "Keti. Wanampa mjukuu jina."

"Na wewe uko nje?"

"Ni kazi ya wanawake. Na hata hivyo wamenikataza kukaribia dirisha. Kwa mjukuu wa kwanza nilipendekeza."

"Ulipendekeza nini?"

"Utaratibu tu."

Nikamweleza ujumbe wa Madam. Alisikiliza akiitazama kofia yake, ambayo sasa alikuwa ameivua. Alisema Jumatatu ni karibu sana. Alisema amekuwa akifikiria jina la aina ya jiwe. Nilihisi hasira yangu ya Gilgil ikirudi, ikiwa imepangwa vizuri safari hii.

"Mwalimu, mimi nitapata kazi ama sitapata. Watoto watafundishwa ama hawatafundishwa. Jiwe halitasaidia mtu."

Aliinua kidole nisikilize. Ndani wanawake walikuwa wameanza. Mabati hayafichi kitu. Sauti moja nzee ilitaja jina, ikasubiri, ikalitaja tena. Mtoto kimya. Jina jingine. Kimya. Mwalimu alinong'ona akinieleza kila marehemu: huyu alikuwa mkarimu, huyu alikuwa mgomvi, huyu wasimwite kabisa. Walimaliza upande wa baba wa mtoto, mtoto hata hakukohoa. Wakageukia upande wa mama, watu wa humu humu Keringet. Wakaisha wote.

"Labda ugoro umekwisha nguvu," sauti moja changa ilisema ndani.

"Ugoro ni mzuri," ilijibu ile nzee. "Bado yule wa Njoro."

Mwalimu alikaza vidole kwenye kofia. Yule wa Njoro alikuwa nyanya yake mwenyewe, mama ya baba yake, wa ule upande mwingine. Ndiye aliyemlea, na ndiye aliyekuwa akimtuma dukani akiwa ameandikiwa vitu kwa mkaa kwenye kiganja. Jina lake halikuwa limetajwa kwa sauti katika boma lile tangu mwaka ule wa vizuizi.

"Litaje basi," alisema mtu ndani. "Si mtoto ndiye anachagua?"

Bibi mzee akalitaja, bila kupunguza sauti.

Mtoto akapiga chafya. Moja, ndogo, kama ya paka. Kisha vigelegele vikalipuka hadi kuku wakakimbia.

Mwalimu hakusimama. Alikaa hivyo hivyo, kofia mikononi, akitikisa kichwa kama mtu aliyeshindwa katika hoja na mtu asiyejua kusoma. "Sasa kila mtu atajua," alisema mwishowe.

"Atajua nini?"

"Kwamba ni wetu sote." Akapangusa pua kwa mkono wa koti la sherehe. "Lete hiyo kompyuta."

Nikaiweka juu ya magoti yake na kumfungulia Kitoto. Mstari wa kwanza kabisa wa programu ulikuwa bado na nafasi tuliyoiacha: Karibu, mimi ni, halafu wazi. Kwa vidole viwili, kama alivyotukataza sisi kuandika, akaandika jina la nyanya yake. Jina lenyewe sitaliweka hapa. Ungelisoma ungejua mara moja ni la upande gani, na huenda ungeacha kusoma.

"Watasema ni ya wale," nilimwambia. Sikuweza kujizuia, mtu hawezi kuacha kuogopa kwa siku moja.

"Waseme."

"Nyoka hana kabila, Mwalimu. Wewe ndiye ulisema."

"Hana hata nyanya," alisema, akabonyeza.

Kioo kikawaka, salamu ikajitokeza na jina lake, na kompyuta, iliyokuwa imekula vumbi la Keringet nzima, ikatetemeka juu ya magoti yake ikatoa mlio mfupi, mkavu.

Tulitazamana.

"Imepiga chafya," nilisema.

"Hiyo ni feni," alisema Mwalimu. "Ina vumbi. Peleka isafishwe."

Kisha akabonyeza kuhifadhi, mara mbili, kama mtu aliyefunga mlango akarudi kuujaribu.